Pedeli ya Breki Inakwambia Ugonjwa Ulipo

Mwenye gari akija kwetu hapa Ngamiani, Tanga, na malalamiko ya breki, mara nyingi huwa keshanunua pedi, vile vipande vinavyobana diski ya gurudumu. Boksi liko kwenye kiti cha mbele, na neno lake la kwanza ni "Fundi, nifungie hizi." Mimi huomba ufunguo. Naketi kwenye usukani, nakanyaga breki injini ikiwa imezimwa, kisha ikiwa inaunguruma. Dakika mbili hizo hunionyesha mengi kuliko boksi lile. Pedi zilizoisha hupiga kelele na hula diski, lakini hazifanyi pedeli izame, hazizuii gurudumu lisizunguke, hazifanyi usukani ukimbilie mtaroni. Dalili hizo zina wenyewe wengine, na ukizitibu kwa pedi unapoteza hela na ugonjwa unabaki palepale.

Ninayoandika hapa yanahusu magari ya umri: Corolla 110, Carina za miaka ya 1990, pikapu za Hilux, yale yenye diski mbele na dramu nyuma (ngoma za chuma zinazosuguliwa kwa ndani na breki shuu), mengi hayana ABS, ule mfumo wa kuzuia magurudumu yasikwame unapokanyaga breki. Kwetu Tanga yanaongezewa shida ya chumvi. Gari linalolala Raskazone karibu na bahari hushika kutu kwenye pini na springi za breki mapema kuliko lile la Korogwe, hata kama yote mawili yametembea sawa.

Kabla hujainua gari, liweke mahali tambarare, zuia magurudumu yanayobaki chini kwa mawe, na baada ya jeki weka stendi. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Vumbi la ndani ya dramu usilipulize kwa mdomo wala kwa upepo wa kompresa. Lainingi (tabaka la msuguano la breki shuu) za zamani nyingi zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake likiingia mapafuni halitoki. Limwagie maji, ulifute kwa kitambaa kilicholowa, na kitambaa ukitupe.

Pedeli inazama taratibu

Hii ndiyo dalili ninayoiogopa kuliko zote, kwa sababu huanza kwa upole. Washa injini gari likiwa limesimama. Kanyaga kwa nguvu ya kawaida, kama unavyosubiri taa za barabarani, na usiachie. Hesabu hadi thelathini. Pedeli yenye afya husimama pale ulipoikanyagia. Ikiteremka polepole kama mguu uliokanyaga tope, mafuta ya breki yanatoroka.

Yanatorokea wapi? Tazama kikopo cha masta silinda, ile pampu ya breki inayosukumwa na pedeli. Kiwango kikiwa kimeshuka, piga magoti uangalie upande wa ndani wa kila tairi na sehemu ya chini ya kila dramu. Palipolowa, wili silinda (pampu ndogo ndani ya dramu) au kalipa (ile inayobana pedi kwenye diski) inavuja. Kisha fuata bomba za chuma kwa vidole kutoka mbele hadi nyuma, hasa zinapopita juu ya ekseli. Pikapu zinazobeba samaki na barafu kutoka Deep Sea, soko la samaki la hapa Tanga, ndizo zinazoumia zaidi hapa: maji ya chumvi yanadondokea bomba siku nzima, nalo linaliwa kwa nje mpaka linachunika maganda. Bomba la namna hiyo halizibwi kwa gundi wala kwa kukunjiwa bati. Linabadilishwa lote.

Kikopo kikipungua na huoni unyevu popote, angalia pale masta inapokutana na busta, lile dishi kubwa jeusi nyuma yake. Legeza nati mbili, ivute masta mbele kidogo. Ukikuta mafuta, raba ya nyuma imechoka na mafuta yamekuwa yakiingia ndani ya busta. Injini huyavuta kidogo kidogo na kuyaunguza, ndiyo maana wengine huanza kuona moshi mweupe nyuma na kufikiri injini imekufa.

Imebaki hali ya tatu: kikopo kimejaa, hakuna tone popote, na bado pedeli inazama. Mwaka fulani alinijia mwalimu mstaafu kutoka Muheza na Corolla ya namna hiyo.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mgosi, gari hili limenichosha. Nimebadilisha pedi mara mbili, upepo umetolewa mara tatu."

Nilifungua masta nikaitoa pistoni na kuipeleka juani. Raba moja ilikuwa na mpasuko mwembamba kama uzi, kiasi kwamba ilibidi niikunje kidogo ndipo ufunguke nikauona. Ndani ya silinda, sehemu ya mwisho kabisa, kulikuwa na mzunguko wa uchafu mweusi na vishimo vilivyonasa ukucha. Hapo kisa kikajieleza chenyewe. Ukiendesha kila siku, pistoni ya masta hutembea nusu ya njia tu. Nusu ya pili haiguswi, na miaka ikipita hujenga uchafu. Waliomtolea upepo, yaani hewa iliyonaswa kwenye mafuta ya breki, walikanyaga pedeli hadi chini kwenye zulia, tena na tena. Raba ikasukumwa kwenye eneo lile chafu ikachanika. Toka hapo mafuta yalikuwa yakipita pembeni ya raba na kurudi kikoponi, ndiyo sababu hayakupungua.

Raba mpya peke yake isingefaa. Ukucha ukinasa kwenye ukuta wa silinda, usinunue kiti ya kurekebishia, ile seti ya raba mpya. Nunua masta nzima. Na kabla hujaifunga, ibane kwenye jiliwa, ijaze mafuta, sukuma pistoni polepole hadi mapovu yaishe. Ukiifunga ikiwa kavu utahangaika na upepo mchana kutwa.

Pedeli laini kama sponji

Hii ni upepo ndani ya mfumo. Mafuta hayabinyiki, hewa inabinyika, ndiyo maana pedeli inadunda. Ukipiga pampu haraka haraka inapanda kidogo, bado inabaki na ulaini wake.

Kutoa upepo kuna utaratibu. Anza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta. Kwa magari yetu yenye usukani kulia, kwa kawaida hilo ni la nyuma kushoto, kisha nyuma kulia, mbele kushoto, umalizie mbele kulia. Magari mengine yana mpangilio wake, kwa hiyo ukiwa na kitabu cha gari lako fuata kitabu. Chomeka mpira mwangavu kwenye kiskurubu cha kutolea upepo, ncha nyingine iwe ndani ya chupa yenye mafuta kidogo. Msaidizi akanyage, wewe ufungue, ufunge, ndipo aachie. Akiachia kabla hujafunga, hewa inarudi ndani. Kila baada ya mara chache jaza kikopo, kisikauke.

Na kwa sababu ya kisa cha mwalimu, weka kipande cha ubao chini ya pedeli ili isifike mwisho. Kwenye gari la miaka ishirini na zaidi ubao huo unaokoa masta.

Viskurubu vyenyewe mara nyingi vimeganda kwa kutu. Usivilazimishe kwa spana ya mdomo wazi, vitakatika. Pulizia mafuta ya kulegeza kutu jioni, uache usiku kucha, asubuhi ugonge kwa nyundo ndogo pembeni yake, ndipo utumie spana ya ringi yenye pembe sita.

Pedeli ndefu, ukipiga pampu inapanda na kusimama

Hapa hakuna upepo. Pedeli ni ngumu ikishapanda, tatizo ni kwamba ilisafiri sana kabla ya kukamata. Kagua dramu za nyuma. Kila dramu ina kirekebishi chenye meno kama nyota, kinachojisogeza chenyewe kadiri breki shuu zinavyolika. Kwa chumvi yetu kinaganda. Breki shuu zinazidi kuwa mbali na dramu, handibreki nayo inapanda juu mpaka inakaribia kiwiko.

Fungua dramu, toa kirekebishi, kisugue kwa brashi ya waya, kipake grisi inayostahimili joto kwenye nyuzi zake, ukirudishe. Usichanganye cha kushoto na cha kulia, nyuzi zake zinazunguka kinyume. Rekebisha hadi dramu izunguke na kusugua kidogo sana. Kisha handibreki: kwenye magari mengi madogo inatakiwa ishike kati ya milio 5 na 8 unapoivuta. Kuna wanaokaza waya wa handibreki kuficha kirekebishi kilichoganda. Usifanye hivyo, breki shuu zitabaki zimegusa na dramu itachemka.

Pedeli ngumu kama jiwe

Busta, au mpira unaoiletea mvuto wa hewa kutoka kwenye injini. Kipimo ni rahisi. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga mara tano au sita hadi pedeli iwe ngumu. Ishikilie hivyo kwa mguu, washa injini. Inatakiwa ishuke kidogo chini ya mguu wako. Isiposhuka, chomoa ule mpira mnene kwenye busta injini ikiunguruma na uweke kidole: usiposikia mvuto, mpira umepasuka au vali yake ya njia moja imekufa, na hiyo ni spea ndogo. Mvuto ukiwepo, busta ndiyo mbovu. Ukisikia sauti ya "ssss" miguuni unapokanyaga na injini ikayumba, dayaframu ya ndani imechanika.

Gari linavuta upande, au gurudumu linachoma

Anza na upepo wa tairi, kwa sababu tairi moja likiwa na upepo mdogo hudanganya watu wengi. Likiwa sawa, tembea kilomita kadhaa bila kukanyaga breki sana, simama, halafu sogeza kiganja karibu na kila ringi bila kuigusa. Moja ikiwa na joto la kuunguza, breki yake haiachii. Au dondosha maji kidogo juu ya ringi: yakichemka umepata jibu.

Kisha inua gurudumu hilo, msaidizi akanyage breki na kuachia, nawe jaribu kulizungusha. Likiwa limeshika, fungua kiskurubu cha kutolea upepo robo mzunguko. Mafuta yakiruka na gurudumu likalegea, presha ilikuwa imefungiwa. Gurudumu likibaki limekwama ingawa presha imetoka, ubovu ni wa chuma: pistoni ya kalipa imeganda, au pini za kalipa zimeshika kutu. Toa pedi utazame. Pedi ya ndani ikiwa imekwisha na ya nje bado nene, hizo ni pini.

Presha ikiwa ndiyo iliyofungiwa, imefungiwa wapi? Rudia jaribio, safari hii legeza bomba kwenye masta badala ya kiskurubu. Gurudumu likilegea, mafuta yanashindwa kurudi kwenye masta yenyewe: tundu lake dogo limeziba, au fimbo ya pedeli imerekebishwa ndefu mno. Lisipolegea, kizuizi kiko kati ya hapo na kalipa, na karibu kila mara ni hozi, ule mpira mfupi unaoning'inia nyuma ya tairi.

Hozi inadanganya kwa sababu kwa nje inaonekana nzima. Niliwahi kuipasua moja kwa kisu kwa urefu wake ili mteja aone. Kwa nje ilikuwa nyeusi na safi. Kwa ndani mpira ulikuwa umevimba na kipande kimoja kimebanduka, kimelala kama ulimi. Mguu unapokanyaga, nguvu inafungua ule ulimi na mafuta yanapita. Unapoachia, mafuta hayana nguvu ya kurudi, ulimi unafunga. Gari lile lilivuta kulia mtu akikanyaga ghafla, maana kushoto kulichelewa, kisha likavuta kushoto akiachia, maana kushoto kulibaki kumeshika. Ukisikia gari limegeuza upande namna hiyo, nenda moja kwa moja kwenye hozi. Badilisha zote mbili za mbele, zina umri mmoja.

Pini za kalipa husafishwa kwa msasa laini na kupakwa grisi ya silikoni. Grisi ya kawaida ya beringi hapa ni sumu: inavimbisha raba za pini, na baada ya miezi michache zinabana kuliko mwanzo.

Sumu hiyohiyo ikiingia kwenye kikopo, ni msiba wa gari zima. Mtu ameona mafuta ya breki yamepungua, ameongeza oili ya injini au mafuta mekundu ya gia. Raba zote zinavimba kwa pamoja. Dalili ni magurudumu yote manne kubana baada ya safari fupi. Ukifungua kifuniko cha kikopo utakuta raba yake imetanuka, imejikunja mawimbi, hairudi mahali pake. Usijaribu kumwaga na kujaza upya. Kila raba, hozi zote, masta, kalipa na wili silinda zifunguliwe, bomba zioshwe. Ninajua ni gharama kubwa na huwa naona uchungu kumwambia mtu, lakini sijaona njia ya mkato iliyodumu.

Usukani au kiti kinatetemeka

Usukani ukitetemeka unapokanyaga, ni diski za mbele. Usukani ukitulia na kiti ndicho kinachotetemeka, ni dramu. Kuhakikisha, tafuta barabara tupu, mwendo mdogo, vuta handibreki polepole huku umebonyeza kitufe chake: mtetemo ukija, ni nyuma. Diski kuyumba milimita 0.05 tu kunatosha kukusumbua, na hiyo ni chini ya unene wa unywele. Kwa hiyo kabla ya kuipeleka kuchongwa, itoe, usugue kwa brashi ya waya kutu iliyoko kati yake na habu, kitovu cha gurudumu. Mara nyingi kinachoyumbisha ni ganda la kutu. Ikibidi kuchongwa, soma kwanza unene wa mwisho ulioandikwa kwenye ukingo wake. Ikifika hapo inatupwa. Nati za tairi zikazwe kwa mtindo wa msalaba, si kwa kuzunguka.

Kelele

Mlio mwembamba wa kudumu ni kibati cha onyo kinachogusa diski: pedi zimekwisha. Mkwaruzo mzito wa chuma kwa chuma, usiendeshe tena. Pedi mpya huwa na unene wa milimita 10 hivi; mimi nabadilisha zikifika 3. Mlio wa asubuhi unaoisha baada ya kukanyaga mara mbili tatu ni kutu ya usiku juu ya diski. Kwetu pwani uache, hauna madhara. Na mafuta yakipungua kidogo kikoponi, tazama pedi kabla ya kuongeza: pedi zikilika, pistoni hutoka mbele na mafuta hujaza nafasi.

Breki zinazopotea mlimani

Barabara ya Lushoto hadi Mombo ni kama kilomita 33 za kona, na unashuka takribani mita 1,000. Chukua gari na abiria wake, jumla kilo 1,300. Kazi yote ya kulizuia ikiachiwa breki, joto lake linatosha kuchemsha ndoo mbili za lita 20 za maji kutoka ubaridi wa kisima. Joto hilo linaishia kwenye diski mbili na dramu mbili.

Breki zikifa pale, pedeli inakwambia kilichokufa. Ikiwa ngumu, juu, lakini gari halipungui, na unasikia harufu ya kuungua, pedi zimepata joto kupita uwezo wake. Zikipoa zitarudi, japo zikague. Ikienda chini ghafla, mafuta ya breki yamechemka na mapovu ya mvuke yamejaa kwenye kalipa. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya huchemka kuanzia nyuzi joto 205 za Selsiasi. Yakishanyonya unyevu, asilimia 3.7 tu ya maji inashusha kiwango hicho hadi nyuzi 140. DOT 4 ni 230, nayo hushuka hadi 155. Hewa ya Tanga imejaa maji na mafuta haya huyanyonya kupitia hozi na kifuniko, hata gari likiwa limeegeshwa. Ndiyo maana nasisitiza yabadilishwe yote kila miaka miwili, na chupa iliyokaa wazi kabatini isitumike. DOT 5 ya silikoni usiichanganye na hizi.

Ukishuka kutoka Soni, kwenye barabara hiyohiyo, tumia gia ileile ambayo ungepandia. Kanyaga kwa nguvu muda mfupi, achia, zipoe, kanyaga tena. Ukisikia harufu, egesha penye nafasi na usivute handibreki juu ya dramu za moto; weka gia na jiwe mbele ya tairi. Usizimwagie maji, diski itapinda au kupasuka.

Baada ya kufunga

Ukimaliza kazi yoyote ya pedi, pistoni ziko ndani kabisa na mkanyago wa kwanza utaenda hadi sakafuni. Piga pampu hadi pedeli iwe ngumu kabla hujawasha gari. Nimeshuhudia gari likitoka gerejini kinyumenyume na kugonga ukuta kwa sababu ya hatua hiyo moja. Hakikisha taa ya breki kwenye dashibodi inawaka ukifungua ufunguo, uvute na kushusha handibreki uone inazimika. Kisha nenda barabara tulivu asubuhi mapema, punguza mwendo kutoka kilomita 50 kwa saa hadi 10 mara kama kumi, ukiachia kila mara zipoe, bila kusimama kabisa na mguu juu ya breki. Ukirudi, inama tena uangalie kila kiungo ulichofungua, kwa tochi na kwa kidole kikavu.